Fundi wa Fremu, Mtaa wa Sikukuu

Mwalimu Sikudhani aliniletea kalenda
ya mwaka ambao wanangu hawajazaliwa,
tarehe zote kazikata kwa wembe.
"Nitilie vioo," akasema. "Nimestaafu.
Nataka kuzitazama bila Januari kunidai kitu."

Nikapima. Kazi yangu ni kupima:
thelathini kwa arobaini, msumari wa nusu inchi,
mninga kwa wenye nacho, paini kwa sisi wengine.
Kutazama hakumo kwenye bei.
Ila kioo ukikifuta
sharti uone kilichomo chini yake.

Ukurasa wa kwanza, mama na mwana.
Buluu ya ushungi, aliniambia Mwalimu,
ilisagwa kutoka jiwe la nchi ya mbali,
ikauzwa kama dhahabu.
Buluu haikunishangaza.
Kilichonishangaza ni kidole gumba:
mama amekididimiza kwenye paja la mtoto,
nyama imebonyea kidogo,
kama kwenye foleni ya chanjo pale Mnazi Mmoja.
Miaka mia tano, na nyama ile haijarudi.

Wa pili anatabasamu. Huyu namjua,
nimemwona kwenye fulana za mitumba pale Karume.
Nilimkazia macho mpaka chai ikafanya utando.
Ni tabasamu la mtu anayedaiwa
na anajua mdai kasahau risiti.

Machi, mjakazi anamimina maziwa.
Basi. Hakuna kingine kinachotokea.
Maziwa yanashuka, mwanga unaingia kwa kushoto
kama unavyoingia dukani kwangu saa kumi,
na ukutani, juu ya kichwa chake,
pana tundu la msumari uliong'olewa.

Mimi, niliyekula kwa misumari maisha yangu yote,
nikaweka nyundo chini.
Nani huchora tundu?
Nani aliona kwamba kitu kilining'inia pale
kikaondoka,
akaona hata kuondoka kunastahili tone la rangi?

Julai ni viatu.
Viwili, vya kazi, kamba zimelegea, ngozi imekata tamaa.
Mchukuzi mmoja alitua gunia lake la vitunguu mlangoni
akavitazama muda mrefu.
"Mwenyewe yuko wapi?" akauliza.
Sikuwa na jibu. Akajitwisha, akaenda.

Oktoba, mstatili mwekundu juu ya mstatili mweusi.
Kondo, mwanagenzi wangu, akacheka mpaka akakaa chini.
"Fundi, hii hata mimi!"
Nikampa kopo mbili za rangi na kipande cha hadibodi.
Alihangaika nacho tangu adhuhuri.
Jioni alikuwa amechora mlango.
Hakucheka tena, ila aliuliza
kwa nini ule mwekundu wa kwenye kalenda
unaonekana kama unapumua.
Nami sikujua. Tukafunga duka.

Desemba haikuwamo.
Badala yake Mwalimu alileta ubao mdogo,
ndege wawili wa shingo ndefu, rangi ya baiskeli,
jicho limewekwa mwisho, tone moja jeupe.
Aliununua Oysterbay kwa mshahara wake wa kwanza,
akala muhogo mkavu hadi mwisho wa mwezi.
"Na huyu, mninga."
Nikamwambia mninga umepanda bei.
"Mninga," akarudia, kwa sauti ya darasani.
"Asikae na wenzake kama mgeni."

Jumapili nilikwenda Chang'ombe kuzitundika.
Sebule ndogo, ukuta wa chokaa, feni yenye kikohozi.
Msumari wa Machi niliukosea, ukaenda upande.
Nikaung'oa, nikapiga mwingine pembeni.
Mwalimu akaja na saruji kidogo kwenye kisosi
aniachie nizibe.

Nikamwambia, "Liache hilo."

Akalitazama tundu. Akaitazama picha.
Akavua miwani, akaisogelea, akaivaa tena.
Miaka yote hiyo na kalenda, alisema, hakuwahi kuliona.

Kisha akachukua kisosi chake akarudi jikoni,
nami nikasikia maziwa yakimiminwa.